Paja Linalovimba Baada ya Nyonga Kuvunjika

Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya wauguzi, wanafunzi wa tiba na wananchi. Umehaririwa kidogo kwa ajili ya chapa. Maneno ya pembeni kwa wasikilizaji yameachwa yalivyokuwa.

   

Nimekuja kuzungumzia majeraha ya mishipa ya damu yanayoambatana na mvunjiko wa nyonga. Yanaweza kutokea mtu anapoanguka, yanaweza kutokea mezani pa upasuaji, na yanaweza kujitokeza siku nyingi baadaye. Ni madhara adimu. Katika wagonjwa mia moja waliofungwa chuma cha nyonga, hutazamii kumkuta hata mmoja mwenye ateri kubwa iliyotobolewa. Mtaniuliza, kwa nini basi nitumie jioni yenu kwa jambo adimu? Kwa sababu anayepatwa nalo kwa kawaida yumo hospitalini tayari, au ametoka juzi tu, amezungukwa na watu waliosomea kazi yao, na bado linawapita. Dai langu ni kwamba linawapita kwa kuwa wanalitafuta mahali pasipo pake na siku isiyo yake. Tunapapasa unyayo wakati damu inajaa pajani. Tunashusha pumzi mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji, ilhali shida ingali njiani. Nitalitetea dai hilo kwa hoja tano, na hazitalingana urefu.

Hoja ya kwanza: lazima tujue mishipa imepita wapi.

Katikati ya kinena, ukibonyeza kidogo, utasikia mdundo. Hapana, bwana, si sasa hapa ukumbini. Utajaribu ukifika nyumbani. Hapo ateri kubwa inatoka tumboni na kuingia pajani. Sentimita tatu au nne chini yake inagawanyika. Tawi moja linashuka upande wa mbele na wa ndani wa paja, linapita nyuma ya goti na kuulisha mguu hadi vidoleni. Tawi la pili linazama na kushuka likiwa karibu na mfupa. Hilo tunaliita ateri ya kina ya paja. Linalisha misuli ya paja, na vijitawi vyake hutoboa misuli na kulizunguka fupa la paja kwa nyuma, vikiwa vimeligusa kabisa. Juu, karibu na maungio, hutoka mishipa miwili inayoizunguka shingo ya fupa la paja, na ule wa upande wa ndani ndio mlishaji mkuu wa kichwa cha nyonga.

Shikeni neno moja hapa, maana mhadhara wote unalitegemea: ateri ya kina haifiki unyayoni. Ikitoboka, unyayo unabaki na joto lake, kucha zina rangi yake, mapigo juu ya mguu yapo. Muuguzi anaandika kwenye chati kwamba mapigo yapo, na ameandika kweli tupu. Wakati huohuo paja linapokea damu. Paja la mtu mzima linaweza kuficha lita moja na zaidi kabla umbo lake halijakushtua. Bibi mwembamba wa kilo 50 ana lita tatu na robo hivi za damu katika mwili wake mzima. Hesabu hiyo nawaachia.

Hoja ya pili: mvunjiko wenyewe hukata mishipa, kabla hata daktari hajafika.

Mivunjiko ya nyonga tunaigawa makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni la shingo ya fupa la paja, ndani ya mfuko wa maungio. Hapa damu inayomwagika si nyingi, kwa kuwa mfuko ni mdogo. Hasara yake ni nyingine. Mishipa inayokilisha kichwa cha nyonga inapanda kwa kuishikilia shingo ileile iliyovunjika, na vipande vikiachana, inachanika. Josep Trueta, daktari Mkatalunya aliyekimbilia Uingereza wakati wa vita vya Hispania, alichora mishipa hiyo mmoja mmoja pale Oxford akiwa na mwenzake Harrison, na mwaka 1953 wakachapisha picha ambazo bado tunasomea. Kichwa kilichokosa damu hufa polepole na kuporomoka mwaka mmoja au miwili baadaye, hata kama mfupa uliunga. Ndiyo sababu mzee mara nyingi tunamwekea kichwa cha chuma moja kwa moja, na kijana aliyeanguka na bodaboda tunahangaika kumwokolea kichwa chake mwenyewe. Kwa hesabu yangu hilo ndilo jeraha la mshipa linalotokea mara nyingi kuliko yote niliyokuja kuyasema leo, ila tumelizoea kiasi kwamba hatuliiti jeraha la mshipa tena.

Kundi la pili ni mivunjiko ya chini ya mfuko, penye nundu mbili za mfupa, kubwa kwa nje na ndogo kwa ndani. Hapa hakuna mfuko wa kuizuia damu, inasambaa kwenye misuli. Nundu ndogo imeshikwa na msuli wenye nguvu unaokunja nyonga. Ikimeguka, msuli huo unaivuta juu na ndani, nayo mara nyingine ina ncha kali. Upande huo ndiko ateri ya kina iliko. Kuna wagonjwa waliochanwa ateri na kipande hicho siku ileile ya kuanguka, na kuna waliochanwa baadaye, wameshapasuliwa na kuanza mazoezi, kwa sababu kipande kilibaki palepale na nyonga ikawa inakunjwa kila siku.

Si lazima ateri itoboke. Ikivutwa kupita kiasi, ngozi yake ya ndani inaweza kuchanika peke yake, kama bitana ya koti inayochanika huku kwa nje koti ni zima. Damu inaganda juu ya mchaniko ule na kuziba njia. Hali hiyo ikilipata tawi linaloshuka mguuni, unyayo unapoa, unapauka na kufa ganzi, na saa zinahesabiwa: takribani sita kabla misuli haijaanza kufa. Mishipa iliyokakamaa kwa umri, sigara, kisukari au shinikizo la damu haina mnyumbuko wa kustahimili mvuto. Na ndiyo mishipa waliyo nayo wengi wa wanaovunjika nyonga.

Hoja ya tatu: chuma kinachoponya hupita jirani na ateri. Hapa nitakaa, na madaktari wenzangu wanisamehe kwa kutoa mambo ya chumba cha upasuaji hadharani. Naamini watu wana haki ya kuyajua.

Kabla ya Smith-Petersen wa Boston kuanza, mwaka 1925, kupigilia msumari wake wenye mapezi matatu katika shingo ya fupa la paja, mzee aliyevunjika nyonga alilazwa akangojewa. Mwaka 1940 Mjerumani Gerhard Küntscher akatokea na msumari mrefu wa kupita ndani ya uboho. Vifaa vya leo, skrubu kubwa yenye pleti ubavuni au msumari wenye skrubu inayopanda hadi kichwani, ni wajukuu wa hivyo viwili. Vimewainua wazee kitandani ndani ya siku chache. Sitaki mtu aondoke hapa akiuogopa upasuaji, maana kulala wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito huleta vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda, na kwa mzee hatari hiyo ni kubwa kuliko ninayoieleza.

Sasa basi, msumari hushikwa kwa skrubu, na skrubu hutobolewa njia kwa drili. Drili inaingia upande wa nje wa paja, inapita ukuta wa kwanza wa mfupa, inapita uboho, inafika ukuta wa pili. Ukuta huo ukiachia ghafla, mkono uliokuwa ukisukuma unasonga mbele sentimita moja au mbili, na upande huo wa ndani ndiko inakopita ateri ya kina. Mfupa wa kijana ni mgumu, daktari anauhisi mkononi. Mfupa wa bibi uliodhoofika unapitika kama haupo. Skrubu ndefu kuliko inavyohitajika nayo ina hila yake: haikati siku ya upasuaji, inausugua mshipa polepole kadiri mgonjwa anavyotembea.

Kuna suala la mkao pia. Ili msumari uingie vizuri kutoka juu, mguu hufungwa kwenye meza ya kuvutia, ukasogezwa ndani na kuzungushwa ndani. Mkao huo unaileta ateri karibu zaidi na mfupa. Mfupa ukishapangwa na kushikwa sawasawa, daktari anaweza kuulegeza mkao kidogo kabla ya kutoboa matundu ya skrubu za chini. Ni kazi ya dakika moja. Wanafunzi, andikeni hilo.

Waya elekezi nao una hatari yake. Drili yenye tundu katikati hupita juu ya waya huo kuelekea kichwani. Waya ukijipinda na kukwama ndani ya drili, unasukumwa nayo, unatoboa kikombe cha nyonga na kuingia ndani ya fupanyonga, ziliko ateri na vena kubwa zinazokuja pajani. Kinga yake ni kutazama ncha ya waya kwa eksirei kila hatua. Kwa wanaobadilishiwa nyonga nzima, Wasielewski na wenzake walitoa mwaka 1990 ramani ya kikombe iliyogawanywa robo nne: robo mbili za nyuma ndizo zinazopokea skrubu kwa usalama zaidi, na robo ya mbele juu ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Chuma cha kupanulia nyama, kikiteleza mbele ya kikombe, hufikia mishipa ileile.

Namwona daktari kijana kule nyuma anatikisa kichwa. Bila shaka anatoka hospitali isiyo na eksirei ya mezani. Swali lake, afanyeje bila picha, ni la haki. Mwaka 1999 Lewis Zirkle, daktari wa mifupa wa Richland katika jimbo la Washington, alianzisha shirika la SIGN ili hospitali kama hizo zipate msumari unaofungwa skrubu kwa kutumia mkono wa nje wa kuelekeza, bila kutegemea eksirei ya papo kwa papo. Msumari huo umetumika sana katika eneo letu, ikiwa ni pamoja na Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Maoni yangu, na najua yatapingwa wakati wa chai, ni kwamba daktari asiye na picha hujifunza kuusikiliza mkono wake, akapima kina cha tundu mara mbili kabla ya kuchagua skrubu. Mwenye picha hujisahau. Ningependa kila mtu awe na mashine, na kila mtu aendelee kupima mara mbili.

Hoja ya nne: jeraha hili huvaa sura ya magonjwa mengine, na tiba ya magonjwa hayo hulizidisha.

Tuseme kuna bibi wa miaka 78. Simtaji mtu, ni mgonjwa wa kufundishia. Ameanguka bafuni, amefungwa msumari, siku ya tano anatembea na fremu, na kabla ya wiki mbili kutimia yuko kwake. Paja linaanza kuvimba na kuuma. Himoglobini iliyokuwa 10 sasa ni 7. Kliniki inasema: mguu uliovimba baada ya upasuaji wa nyonga ni damu iliyoganda kwenye vena, aanzishiwe dawa ya kuizuia isigande zaidi.

Wazo hilo lina msingi. Mwaka 1959 Sevitt na Gallagher wa Birmingham walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 300 waliovunjika shingo ya fupa la paja. Nusu yao walipewa dawa ya kuzuia damu kuganda, na kwa hao mabonge ya damu na vifo vilipungua waziwazi. Tangu hapo dawa hizo zimekuwa sehemu ya kazi yetu, na zimeokoa watu wengi mno. Lakini vena iliyoziba haielezi himoglobini kushuka kutoka 10 hadi 7. Damu imekwenda mahali. Kama ateri ya bibi yule ina tundu, dawa ile inaondoa kizuizi pekee kilichokuwa kikiibana.

Linalotokea ndani ni hili. Damu inayopenya kwenye tundu dogo hujichimbia mfuko katikati ya misuli, na kuta za mfuko huo ni damu iliyovilia na nyama iliyobanwa. Mfuko hudunda pamoja na moyo, ila chini ya misuli minene ya paja kidole hakiusikii kila mara. Kipimo cha kusikilizia kifuani, ukikiweka pajani, huweza kukupa mvumo. Ni wangapi hapa wamewahi kukiweka pajani? Naona mikono mitatu. Mfuko unaweza kukaa wiki, hata miezi, ukikua.

Kosa la pili ni baya zaidi. Uvimbe una joto, mgonjwa ana homa kidogo, ngozi imekaza juu ya kovu jipya. Mtu anasema jipu, na kuchukua kisu. Nadhani madaktari mnajua kinachofuata, na wananchi nitawaepusha nacho. Kanuni iwe hii: paja lililofanyiwa upasuaji likivimba, lisipasuliwe kabla halijapitishwa ultrasaundi yenye kipimo cha Doppler. Kipimo hicho hakichomi, hakina mionzi, na hospitali nyingi za mkoa zina mashine yake.

Hoja ya tano: kuligundua mapema kuna faida, kwa kuwa tiba ipo.

Kuifunga ateri kwa uzi ni ujuzi mkongwe. John Hunter wa London alifunga ateri ya paja ya mgonjwa mwenye uvimbe wa mshipa nyuma ya goti mwaka 1785, na mfereji ambamo ateri hiyo hupita pajani bado unaitwa kwa jina lake. Ateri ya kina ikitoboka, mara nyingi inaweza kufungwa na mguu usidhurike, mradi lile tawi la kwanza liwe wazi. Sharti hilo la mwisho lisipuuzwe. Kwa mzee mwenye kisukari ambaye tawi la kwanza limekwisha kuziba kwa maradhi, ateri ya kina ndiyo inayouweka hai mguu mzima kwa njia za kuzunguka. Ukiifunga, umemkata mguu. Huyo anahitaji kushonewa.

Njia mpya zaidi inapita ndani ya mshipa wenyewe. Mwaka 1953 Seldinger wa Stockholm alionyesha namna ya kuingiza mrija kwenye ateri kwa sindano na waya, bila kupasua. Kwa njia hiyo leo daktari huufikia mshipa unaovuja, akauziba kwa nyuzi ndogo za chuma zilizosokotwa, akiwa ametoboa tundu dogo tu kinenani. Kwa miaka mingi huduma hiyo tulikuwa tukiisoma vitabuni. Kuanzia 2018 wataalamu wa Muhimbili, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Yale, walianza kuijenga Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikafungua shahada ya uzamili ya fani hiyo. Sasa tuna Watanzania wanaoifanya.

Kabla sijatazama mbele, niseme na jamaa wa wagonjwa, kwa kuwa ninyi ndio mnaolala kwenye mikeka wodini, mnaowaogesha na kuwabadilisha nguo. Mnaliona paja kila asubuhi, sisi tunaliona shuka. Nunueni utepe wa fundi cherehani. Ombeni muuguzi aweke alama ya kalamu juu ya paja, pimeni mzunguko hapo kila siku kwa saa ileile, mwandike. Namba ikipanda siku mbili mfululizo, au maumivu yakaongezeka wakati yalitarajiwa kupungua, au mgonjwa akaanza kupauka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, semeni, na mkipuuzwa semeni tena. Mkiisharudi nyumbani, paja lililovimba lisichuliwe. Najua mafundi wa mifupa wanaheshimika hapa Pwani, na sikuja kuwatukana. Nawaomba wao wenyewe wakiletewa paja la namna hiyo wamrudishe mgonjwa hospitali siku hiyohiyo. Wauguzi nao nina ombi: mgonjwa akiongezwa chupa mbili za damu na himoglobini isipande, msiandike tu namba. Andikeni na swali: damu imekwenda wapi?

Tanga hadi Dar es Salaam ni kilomita 350 hivi, na mgonjwa anayevuja ateri hawezi kuzisafiri kama alivyo. Kwa hiyo miaka inayokuja inahitaji mambo mawili kwa pamoja. Wataalamu wa mirija wawafikie wagonjwa wa mikoani, wakianza na kanda. Na kila daktari wa upasuaji wa hospitali ya mkoa awe ameishika kwa mikono yake ateri ya kinena wakati wa mafunzo, aweze kuibana na kumtuliza mgonjwa kabla ya safari. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999 kinafunza wapasuaji ndani ya hospitali zetu, na sioni kwa nini zoezi hilo lisiwe la lazima kwa wa mifupa kama lilivyo kwa wengine. Wazee wetu wanaishi miaka mingi zaidi, bodaboda hazipungui, na nyonga za kufungwa chuma zitaongezeka.

Wanafunzi wa mwaka wa nne mmekuwa mkiniuliza mada za utafiti. Ninayo moja, haihitaji mashine: pimeni paja kwa utepe kila siku kwa kila mgonjwa wa nyonga kwa mwaka mzima, mtuambie kuvimba kwa kawaida ni sentimita ngapi na kunaanza kushuka siku ya ngapi. Tukiipata namba hiyo kwa watu wetu wenyewe, muuguzi wa zamu ya usiku atakuwa na kitu cha kumwamshia daktari. Atakayeichukua anione kabla hajaondoka, utepe nitanunua mimi.

Mwenyekiti, sasa maswali. Naomba wauguzi wa wodi ya mifupa waanze, madaktari wafuate.